Kisanduku Kilichosalimia Kwanza

Kapinga, salamu yako haikumuua baba yako mdogo Ilunga. Kosa lilikuwa langu, nililijua tangu siku ile ile, na nimekuacha ulibebe wewe miaka mitano.

Nimeyaweka maneno hayo juu kabisa, kabla ya jambo na kabla ya habari za nyumbani, kwa sababu nakufahamu. Wewe ni mtu wa kusoma mistari miwili na kuamua kwamba umeelewa. Ujumbe wa mama yako wenye aya tatu unaujibu kwa herufi mbili. Basi hata ukiichoka barua hii kabla gari halijatoka mjini, lile la lazima unalo. Yanayofuata ni maelezo, na unajua baba yako akianza kueleza watu hutafuta kiti.

Sasa ni saa tisa alasiri. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mama yako yuko uani anapigana na zipu ya begi lako, na kwa sauti ninazozisikia begi linashinda. Mimi nimejifungia karakana. Umeme umekwenda tangu asubuhi, na hiyo ndiyo bahati yangu, maana ungekuwepo ningejifanya nina redio ya mtu ya kumaliza. Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha, za kutomwachia mtu simu yako ndani ya basi, mama yako ameshakupa, naye hurudia vizuri kuliko mimi. Sitaziongeza.

Kilichonikalisha hapa ni maneno uliyosema Jumanne, mkiosha vyombo. Mama yako alikuuliza kwa utani:

"Kapinga, we ulikuwa unapenda mambo ya papa yako, nyaya na tumashini. Sasa hii ya infirmière, ya kuuguza bagonjwa, inatokea wapi?"

Ukamjibu, "Mama, mi nilishaandika mara moja. Inatosha."

Yeye alidhani unasema habari ya mtihani, akacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la karakana, chuma cha kulehemu mkononi, na nikaelewa vizuri sana umeandika nini mara moja. Chuma kiliunguza meza. Ile alama uliyoiuliza Jumatano ukiwa mlangoni, nikakuambia ni ya zamani, ni ya Jumanne.

Ngoja nianze pale nilipoanza ujinga, maana ni mbali kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka kufundishwa, najiona fundi wa mafundi. Mwenye tanuri la mikate kule Katuba aliniomba kisanduku cha kuonyesha joto kwenye kioo kidogo. Chipu ya vile visanduku unaikumbuka: kadude kadogo kuliko ukucha wako, na kumbukumbu yake kama ya kuku. Katika lugha ile ya C, ukitaka kuandika sentensi ndani yake, lazima kwanza utenge nafasi za herufi, moja moja, kama mtu anayepanga viti kabla hajajua wageni ni wangapi. Njia ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa ile isiyohesabu viti. Unaipa maneno na namba, inaviunganisha, inaandika, na vikizidi viti inaendelea kuandika kwa jirani. Sentensi yangu ya tanuri ilizidi herufi nne. Na kwa jirani ndiko nilikokuwa nimeweka joto ambalo tanuri lisilivuke. Asubuhi ile nusu ya Katuba ilikunywa chai na makaa.

"Technicien," yule mwenye tanuri aliniambia, mkate mweusi mkononi, "mi nilikuomba kipimo ya moto. We umeniletea moto yenyewe."

Nimekusimulia hiyo mara nyingi, tukacheka. Sikukusimulia ilichonifanya. Tangu siku hiyo niliogopa kumwagika. Nikahamia njia ya pili, ile inayoitwa snprintf, njia ya waangalifu: unaiambia viti ni vingapi, na vikijaa inaacha na kufunga mlango. Kwa jirani haigusi. Lakini ina tabia moja, nawe nilikufundisha mwenyewe. Ikimaliza kazi inakurudishia namba: idadi ya herufi zote ilizotaka kuandika, pamoja na zile zilizokosa kiti. Namba ikiwa kubwa kuliko viti, ujue kuna kilichobaki nje. Haipigi kelele, haikusimamishi. Inakuambia mara moja kwa sauti ndogo, na ukiwa unatazama kwingine, imeshasema.

Kumwagika niliogopa sana. Kukatika sikuogopa hata siku moja. Kitu kilichokatika ni safi, hakiunguzi mkate wa mtu. Ndivyo nilivyofikiri.

Miaka mitano iliyopita Ilunga alikuwa ameacha shamba lake la mahindi huko Annexe, akaenda upande wa Kambove kulinda pampu ya wachimbaji, wale wa kooperativi ya Tujikaze, shimo namba tatu. Kando ya shimo lao palikuwa na handaki la zamani lililoachwa, na ukuta wa udongo katikati. Mvua ikinyesha, maji yalijikusanya kule handakini yakausukuma ukuta. Kila asubuhi Ilunga alishuka wa kwanza, peke yake, kuweka bomba la pampu sawa. Akiita kwamba ni sawa, wengine wanashuka. Ndiyo maana waliniomba kisanduku: kipime maji ya handaki, kisha kitume ujumbe kwenye simu yake na ya mkubwa wa kooperativi. Maji yakipita sentimita mia na hamsini, mtu asishuke.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. SHIMO 3. MAJI 84. BATRI 12.1. HALI: SALAMA. Herufi arobaini na mbili. Nilikuwa nimetenga nafasi mia moja, nikajiona mkarimu.

Ilunga alikuja hapa kujifunza kuusoma. Alikaa pale ulipokuwa unakaa wewe, akakuna kichwa, akaigiza sauti ya mtoto wa darasa la kwanza anayemlalamikia kaka yake mkubwa.

"Yaya, hizi namba zote ni za nini? Mi si mwalimu."

"Achana na namba," nikamwambia. "Angalia tu neno ya mwisho. Ikisema SALAMA, unashuka. Ikisema HATARI, unabaki juu unavuta sigara yako."

"Sasa apo umesema Kiswahili."

Nilijisikia vizuri siku hiyo. Nilikuwa nimechukua kitu kigumu nikakifanya chepesi. Kumbe nilikuwa nimemfundisha mdogo wangu kutotazama.

Halafu Papa Président akaja. Unamkumbuka, mkubwa wa Tujikaze, na ile kofia yake ya ngozi ambayo hakuivua hata kanisani. Alikuja mwenyewe kutoka Kambove, kisanduku kikiwa mapajani kama mtoto mgonjwa, akakiweka juu ya meza yangu.

"Technicien, hii kasanduku yako haina adabu."

"Juu ya nini, Papa Président?"

"Inaingia kwa simu ya muntu asubuhi-asubuhi, ata jambo haisemi! Shimo tatu, maji, batri. Kama polisi! Batu ba kazi banauliza: hii njo namna gani ya kusemesha bakubwa?"

Nilicheka, lakini alikuwa na haki, na wewe uliona hivyo pia. Kwetu hapa hata mtu aliyekimbia kukuambia nyumba yako inaungua husimama mlangoni akasema jambo kwanza, akauliza na habari za watoto. Nilikuwa nimetuma kwa watu wazima mgeni asiyesalimia. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umekaa juu ya kasha la bia lililopinduliwa, ukasema, "Papa, niache niandike mimi." Ukaandika:

JAMBO PAPA PRESIDENT, JAMBO BAKUBWA NA BADOGO BA TUJIKAZE, MUNGU ABARIKI KAZI.

Papa Président aliomba uisome mara mbili. Mara ya pili alisimama, akavua kofia. "Huyu mutoto ni avocat, mwanasheria kabisa," alisema. "Technicien, we ni injenia mukubwa, lakini huyu amekupita." Nami nilivimba, Kapinga. Kama ungenichoma sindano ningeruka mpaka Kinsevere.

Tukaiweka salamu mbele, kama adabu inavyotaka, tukajaribu kutuma kwenye simu yangu. Wewe ndiye uliyeshika simu.

"Papa, inaisha na BA."

"BA nini?"

"BA tu. Ba nani?" Ukacheka. Kisha ukaacha kucheka. "Papa, neno ya mwisho haiko."

Sasa soma hapa polepole, nakuomba, hata kama umezoea kuruka. Kompyuta ilikuwa bado imeunganishwa na kisanduku, na kwenye kioo chake ilikuwepo ile namba inayorudishwa. Ilikuwa 121. Viti vilikuwa mia, na kimoja katika hivyo ni cha sifuri ya kufungia sentensi. Mashine ilikuwa imeniambia waziwazi kwamba herufi ishirini na mbili zimebaki nje, na neno la uhai wa mtu limo humo. Niliiona. Niliielewa pale pale; hesabu hiyo naifanya hata nikiwa usingizini. Nikachukua penseli nikaandika 121 juu ya kifuniko cha katoni, kama mtu anayejiandikia kazi ya baadaye. Kubadili mia kuwa mia na sitini kulikuwa vidole viwili vya kuandika na dakika moja ya kungoja.

Lakini Papa Président alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, gari lake linapiga honi langoni. Alikuwa ametoka kuniita injenia mkubwa. Na aliyeona kosa alikuwa mtoto wangu wa miaka kumi na minne. Sikutaka kukifungua mbele yake kitu alichokisifu. Ni hilo tu. Nimelitafuta miaka mitano jambo kubwa zaidi ya hilo, sikulipata.

"Ni réseau, mama," nikakuambia. "Réseau njo inakata mesaji."

Mji huu mzima, kila kitu kisichofika ni kosa la réseau, mtandao wa simu, kwa hiyo Papa Président alikubali kwa kichwa. Wewe hukukubali. Ulinitazama, ukatazama kioo, ukanitazama tena. Kisha ukachukua bisibisi ukafunga skrubu zote nne, kwa mshazari, kama nilivyokufundisha. Mpaka leo nakuona ukizifunga. Ungezikataa zile skrubu, mama! Lakini ungewezaje? Nilikuwa nimekulea umwamini fundi.

Wiki tatu baadaye mvua zikashika.

Hili linalofuata hakuna anayelijua. Mama yako halijui. Asubuhi ile, saa kumi na mbili na dakika kidogo, Ilunga alinipigia simu. Mvua ilikuwa imepiga mabati usiku wote, na nilikuwa nimesimama hapa hapa karakana na kikombe cha chai.

"Yaya, jambo."

"Jambo, mudogo. Huko namna gani?"

"Matope tu. Yaya, kale kasanduku inasalimia muzuri kuliko padri."

"Ni mutoto wako aliandika."

"Mwambie papa yake mudogo anamusifu. Lakini yaya, ile neno ya mwisho mi siione. Siku mingi sasa."

"Unaona HATARI?"

"Hapana."

"Basi. Kama haisemi hatari, hakuna hatari."

"Aya, yaya. Niko nashuka kurudisha tuyau, bomba ya pampu."

"Shuka muzuri."

Ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mdogo wangu. Shuka muzuri. Na nilipokuwa nayasema, macho yangu yalikuwa juu ya kile kifuniko cha katoni, juu ya 121 yangu ya penseli. Niliiona kwa mara ya pili, Kapinga. Nikanywa chai.

Ujumbe wa asubuhi ile ulisema MAJI 212, halafu B, halafu basi. Maji hayakukatika. Namba ilikuwa nzima mbele ya macho yake, na angeitazama angejua, maana hakuwa mjinga hata kidogo. Kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa na akili, mimi nilikuwa na cheti tu. Ila kaka yake, fundi, alishamwambia aachane na namba.

Papa Président alinipigia mchana.

"Technicien, ukuta iliachia."

Nitakuambia nilichouliza, kwa sababu kama nimeamua kuandika niandike vyote. Niliuliza, "Na kisanduku?"

Akasema, "Kasanduku iko. Ilunga njo haiko."

Wenzake hawakuwa wameshuka. Walikuwa wanangoja aite kwamba ni sawa. Walinikabidhi koti lake na simu yake, alivyokuwa ameviacha juu ya pampu ili visilowe.

Kwenye kilio, kule nyumbani kwake Annexe, turubai limefungwa juu ya mahindi yaliyolala, shangazi yako mkubwa aliniuliza mbele ya watu wote, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona: "Na ile kasanduku yako haikusema kitu?" Nikamjibu, "Ilisema. Ila salamu ilikuwa murefu, ikakula nafasi ya neno." Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza nani aliiandika hiyo salamu, na mwingine akasema ni mutoto, na wa tatu akasema, ah, batoto. Nilipogeuka ulikuwa nyuma yangu na sinia la glasi. Uliliweka chini. Ukazishusha glasi moja moja mezani, na hakuna iliyogonga nyenzake. Tangu siku hiyo hukuingia tena karakana.

Ile sentensi yangu ilikuwa ya kweli, na huo ndio ubaya wake. Kila neno lilikuwa kweli. Ila niliikata mahali nilipotaka ikatike, na hakuna aliyekuwepo wa kuhesabu kilichobaki nje.

Nilijiambia ni ujana. Nilijiambia wasichana wakifika umri fulani huacha nyaya. Mama yako akisema umekuwa kimya nilisema afadhali, nyumba hii ina mpayukaji mmoja na anatosha. Nilikuwa na utani wa kila siku. Ukitaka kujua baba yako anaficha wapi vitu vyake, tafuta chini ya utani.

Kwa mfano, hapo juu nimekutania juu ya herufi mbili. Nimerudi sasa hivi kuisoma, na penseli ikanikaa mkononi. Zamani ulikuwa unaandika! Ulikuwa unaacha karatasi kwenye mkebe wa misumari yangu: "Papa mpendwa, kwa heshima na taadhima nakujulisha kwamba sukari imeisha." Mistari sita kwa ajili ya sukari. Tangu kilio kile sijaona kutoka kwako ujumbe unaozidi neno moja. Nimekucheka miaka mitano kwa kitu nilichokufanyia mimi. Ningeweza kuufuta utani ule, lakini nimeuacha mahali pake, uuone kama ulivyo.

Na bado kuna simu. Mama Solange, mke wa Ilunga, aliniomba simu ya mume wake, kwa sababu ndani yake mna picha ya Ilunga amembeba mtoto wao wa mwisho, siku aliyozaliwa, na hakuna nyingine. Nilimwambia ilikwenda na maji. Haikwenda. Iko kwenye droo ya tatu, chini ya mifuko ya vipingamizi vya redio. Sikuweza kumpa, kwa sababu ukiifungua, jina la mwisho aliloita ni langu, na saa yake imeandikwa. Naichaji kila mwezi. Natazama kama bado liko. Mtoto yule sasa anakwenda shule, na hajui baba yake alimshika namna gani.

Unajua ninachofanya hapa ndani umeme ukiwepo na mkiamini natengeneza redio? Nafungua ile programu. Nabadilisha mia kuwa mia na sitini. Naongeza mstari wa kutazama ile namba inayorudi, na ikizidi, neno la hatari litumwe peke yake, mbele ya kila kitu, bila salamu. Najaribu kwa maji 84, kwa 212, kwa 999. Inafanya kazi vizuri ajabu. Kisha naifuta, na mwezi ujao naiandika upya. Hakuna shimo linaloitumia. Tujikaze ilitawanyika mwaka ule ule.

Sina somo la kukupa, mwanangu, na ningekuwa nalo usilipokee kutoka kwangu. Kazi unayokwenda kujifunza Kolwezi siijui. Nadhani na huko watu hupashana habari wakiwa wamechoka, na mgonjwa ataumia kwa lile lililosemwa mwisho wakati anayesikiliza ameshageuka. Siku moja mkubwa wako atakuambia ni réseau, na wewe utakuwa umeona BA. Sijui utafanya nini. Najua tu kwamba mara ya kwanza uliona, ukasema, ukasema kweli, na uliyemwambia alikuwa baba yako.

Sikuombi urudi kwenye nyaya. Msamaha pia siuombi. Ningeuomba ungenipa haraka, kwa sauti ile ndogo, ili nisijisikie vibaya, na ungekuwa umebeba mzigo mwingine juu ya ule. Yule niliyepaswa kumwambia haya ana miaka kumi na minne, na sinia la glasi mkononi, na siwezi tena kumfikia. Naandika kwa huyu wa miaka kumi na tisa kwa sababu ndiye pekee aliyebaki mwenye anwani yake.

Kesho nitakubebea begi mpaka kituoni. Nitakutania mbele ya abiria, nitasema begi lina mawe, nitamuuliza dereva kama ana leseni. Ndivyo nilivyo, sijui namna nyingine ya kusimama. Usifikiri nimesahau nilichoandika. Barua iko mfuko wa pembeni, pamoja na mikate, ili uipate ukisikia njaa, na wewe husikia njaa kabla ya Likasi. Ni vizuri uisome kabla ya hapo. Baada ya Likasi mtafika pale njia ya Kambove inapoachana na yenu. Kila tulipopita pale pamoja ulijifanya umelala, nami nilijifanya nimeamini. Kesho usilale. Tazama dirishani ukitaka, au kula mkate wako. Mwenye kuinamisha kichwa pale ni mimi, na kesho sitakuwa ndani ya gari.

Gari lenu likishaondoka nitashika njia ya Annexe na simu mfukoni. Nitamwambia Mama Solange lile "shuka muzuri" nililomwambia mume wake, kabla hajanitolea kiti, kabla ya jambo. Ataniona sina adabu. Nadhani baada ya hapo hatanitolea kiti tena, wala shangazi yako, wala mtu yeyote wa upande ule, na mama yako sijui. Sitegemei kwamba kitu kitapona. Ila picha itakuwa kwa mtoto.

Zimebaki salamu. Nimeziweka huku chini, mahali ambapo zikikatika hakuna anayekufa. Kwa kuandika salamu sijawahi kukufikia, kwa hiyo nakopa zako, na ni nzuri, Kapinga, zilikuwa nzuri siku ile na hazikuwa na kosa hata herufi moja.

Jambo, mama. Jambo bakubwa na badogo ba huko unakokwenda. Mungu abariki kazi.

Papa yako